Tonge Moja Huleta Ugomvi

Bahir Dar, tarehe 3 Hidar

Kwako Bi Aselefech,

Umeshindaje? Wa nyumbani hawajambo? Kifua cha kaka yako kimetulia? Yule ng'ombe wa jirani anayekuingilia bustanini bado anakuja, au amekufa kwa ulafi wake? Sisi huku tu wazima, Mungu asifiwe, tef shambani imeanza kuiva na ziwa limetulia. Nimekusalimu kama inavyotakiwa. Sasa nisikilize.

Nakuandikia kwa sababu nikishika simu nitapiga kelele mpaka mtaa wa pili, na binti yangu Hirut yumo ndani amefura macho kwa kulia. Barua hii naikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi la kuja huko kwenu Debre Markos.

Jumapili ulikuja kwangu. Wazee wenu walishatangulia, wakamwomba binti, tukawapa. Wewe ulikuja kama mama wa Dagnachew, kuiona nyumba anakooa mwanao. Nikachinja jogoo. Nikampika kwa berbere niliyoitwanga kwa mkono wangu, ile pilipili ambayo watu wanatoka Gondar kuifuata. Hirut akakata mkate wa injera, akafunga tonge, akasimama mbele yako kwa adabu zote akakulisha gursha ya kwanza, tonge la heshima. Ukameza, macho yakakutoka. Akafunga la pili, nawe ukageuzia uso ukutani. Mbele ya dada zangu wote!

Bi Aselefech, wewe ni mwalimu. Nusu ya Debre Markos umeifundisha kusoma. Usiniambie hujui kwamba tonge moja huleta ugomvi, la pili huleta suluhu, la tatu huleta upendo. Ungekataa yote ningesema umeshiba. Ila kula moja na kulikataa la pili ni kutangaza vita huku umekalia kiti changu.

Kama humtaki binti yangu, sema. Harusi ni mwezi wa Tir. Asali ya kupikia pombe ya tej bado imo mtungini, sijaigusa, na sitaigusa mpaka unijibu.

Wubalem, mama wa Hirut


Debre Markos, tarehe 8 Hidar

Bi Wubalem,

Salamu kwako na kwa Hirut. Sisi wazima. Ng'ombe bado anakuja.

Barua yako nimeisoma. Neno "ugomvi" umelikosea herufi mbili.

Sikumkataa binti yako. Siku ile jino la upande wa kulia lilikuwa linaniuma, ndilo lililonigeuza uso. Naomba radhi. Endelea na tej.

Aselefech, mama wa Dagnachew


Bahir Dar, tarehe 12 Hidar

Bi Aselefech,

Umeamkaje? Na hilo jino limeamkaje?

Nauliza kwa sababu nilipomsomea Hirut barua yako alifunika mdomo. Nikambana akasema. Mwanao alishamsimulia, zamani, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba meno ya upande wa kulia uliyang'oa matatu mwaka juzi na upande wote ule umebaki ufizi. Sasa niambie, mwalimu, jino lisilokuwepo linaumaje? Limekutumia salamu kutoka jalalani?

Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako haikufika hata kituo cha basi. Ningekusamehe tonge. Kunidanganya kwa jino la marehemu, hapana. Nimewaambia dada zangu wasishone nguo za harusi.

Tarehe 15 mfungo wa Krismasi unaanza. Nitafunga nikiwa na hasira, Mungu anajua nani kanitia humo.

Wubalem


Debre Markos, tarehe 28 Hidar

Kwako Bi Wubalem,

Umeshindaje? Hirut ameshindaje? Mfungo unakwendaje? Mimi mzima isipokuwa hili ninalotaka kukuandikia. Nimelianza mara nyingi nikachana karatasi, ndiyo maana umekaa siku zote hizi bila jibu. Dagnachew alikuja juzi. Amekonda. Alikaa tu akiangalia sahani yake, nami nikaona nimezidi.

Kinywa changu kinawaka moto. Ni mwaka wa pili na zaidi. Asubuhi naamka salama. Kufika adhuhuri ncha ya ulimi inaanza, halafu midomo, halafu kaakaa, kama mtu aliyekunywa kahawa ikiwa bado jikoni. Jioni naweza kulia. Na ukitazama ndani huoni kitu! Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, ulimi mwekundu wa kawaida kama wako. Niliyang'oa yale meno matatu nikidhani ndiyo yenye kosa. Yalikuwa hayana hatia, maskini. Nimekwenda kwenye maji ya baraka, nimesukutua kwa pombe kali ya araki kama alivyonishauri jirani, nimetafuna karafuu. Kila dawa inazidisha.

Nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa marehemu mume wangu. Akacheka akasema, "Ulimi ulioumiza wengi sasa unajichoma wenyewe." Kumbe alikwenda kuisema sokoni. Tangu hapo nikaapa kutomwambia mtu, hata mwanangu. Nimekuwa mwalimu mkali, najua. Naogopa watu wakiambiwa watasema kweli, malipo ni hapa hapa.

Siku ile kwako nilikuwa nimeshajipanga: nitameza matatu, nifie njiani kurudi. Lile la kwanza likanishinda. Sikumwona Hirut hata kidogo, niliona ukuta.

Unajua sababu hasa ya kukuandikia badala ya kukupigia simu? Kuongea kunanichoma, kuandika hakunichomi.

Usiahirishe harusi ya watoto. Siku hiyo nitakula chochote nitakacholishwa mbele ya watu, nitatabasamu. Ninachoomba ni usimwambie mtu.

Aselefech, mkwe wako kama bado unanitaka


Bahir Dar, tarehe 1 Tahsas

Mkwe wangu Aselefech,

Umeamkaje? Ulimi umeamkaje? Midomo je? Kaakaa? Leo nauliza kimoja kimoja na sitanii.

Mwanamke wewe! Umemeza tonge langu na kinywa kinachowaka moto? Unajua lile tonge lilitoka wapi? Hirut alilichota chini kabisa ya chungu, kwenye uto mzito, kwa heshima! Pale chini hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapachota huku anasali. Nilipofika kwenye maneno "niliona ukuta" niliketi juu ya gunia la pilipili nikacheka, kisha nikalia, kisha nikapiga chafya kwa sababu gunia lilikuwa wazi. Hirut akaingia akadhani kuna msiba.

Siri yako nimeitoboa kwa watu wawili tu, Hirut na Mungu, na huyo wa pili alikuwa anajua. Huyo wifi yako akija kwenye harusi nitamlisha mwenyewe, na nitachota chini ya chungu.

Sasa sikiliza, na usinikosoe herufi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mjini, kwenye hospitali kubwa, yupo daktari wa kinywa, binti mmoja anaitwa Frehiwot, ananunua berbere kwangu. Nimeshamwuliza bila kukutaja. Nilisema, "Kuna mtu." Akasema, "Huyo mtu aje, na asing'oe jino jingine hata moja." Panda basi la Jumatatu. Utalala chumba cha Hirut. Ni mfungo, chakula ni mboga na dengu, na dengu zako nitazipika za manjano bila punje ya pilipili. Nitafunga dirisha majirani wasione Wubalem anapika chakula cha mgonjwa.

Mkwe mwenzako


Debre Markos, tarehe 20 Tahsas

Mkwe wangu Wubalem,

Umeshindaje? Mgongo wako hauumi tena baada ya kulala sakafuni kwa ajili yangu? Nilikukataza hukusikia. Nimefika salama. Basi liliharibika njiani tukashuka wote, nikawafanya wanafunzi fulani waliokuwemo wasome ubao wa gereji kwa sauti mpaka gurudumu likafungwa. Kaka yangu hajambo. Ng'ombe wakati sipo amekula kabichi zote.

Nilipokuwa kwako sikuweza kukwambia vizuri maana ulikuwa unalia na daktari anasema, kwa hiyo naandika sasa kichwa kikiwa kimetulia. Yale maneno ya Frehiwot nimeyaweka moyoni: "Mama, wewe si mwongo na huna wazimu. Ugonjwa huu upo, na wanawake wengi wa umri wako waliokoma hedhi wanao na wanauficha. Mishipa ya fahamu ya ulimi inabweka kama mbwa asiyeona mwizi. Hatuwezi kumfukuza mbwa, ila tunaweza kumtuliza." Unakumbuka alivyoanza kwanza kupima damu, na kupangusa ulimi kutafuta ukungu, akakuta hakuna? Siku zote nilisikia "hakuna kitu" nikajiona nimefukuzwa. Yeye aliposema hakuna kitu, akavuta kiti akakaa. Hiyo ndiyo tofauti.

Basi nyumba yangu sasa ina sheria mpya. Araki ya kusukutua nimemmwagia ng'ombe kwenye njia anayopitia. Ile dawa ya meno ya mnanaa mkali yenye povu jingi nimempa kaka yangu, mimi natumia ile laini isiyo na povu aliyonipa daktari. Karafuu zimerudi jikoni zilikotoka. Barafu nanyonya kipande kidogo mchana moto unapoanza. Na telba yako! Nachemsha zile mbegu za kitani kama ulivyonionyesha, nachuja ule uteute, naacha upoe, nausukutua pole pole na kuukalisha mdomoni. Unapaka kinywa chote utelezi, unatulia humo. Miaka yote nimekuwa nakunywa telba kwenye mfungo bila kujua ni rafiki yangu.

Kidonge ndicho kichekesho. Unajua nilivyoagizwa: nikiweke ulimini kiyeyuke na mate, nikizungushe kila kona, nisimeze, kisha niteme. Muda wake naupima kwa kusoma alfabeti yetu kimoyomoyo, ha hu hi mpaka mstari wa mwisho, kama zamani darasani. Jana niko katikati ya mistari, anaingia Bi Tiruwork wa nyumba ya pili. "Umeshindaje, mwalimu?" Kimya. "Watoto wameshindaje?" Kimya, naangalia dari. "Nimekukosea nini?" Nikamfanyia ishara ya mkono asubiri. Akatoka mbio. Jioni mtaa mzima unasema mwalimu ameweka nadhiri ya kunyamaza mpaka Krismasi, na wengi wanamshukuru Mungu. Leo wamekuja watatu kuniomba niwaombee!

Moto bado upo, sitakudanganya. Ila jana ulichelewa kuja. Nilikuwa nimeanika nguo zote ndipo nikaukumbuka.

Mkwe mwenzako


Bahir Dar, tarehe 6 Tir

Mkwe wangu,

Umeamkaje, mtakatifu mnyamavu? Krismasi imekwendaje? Huku ngoma ni moja, harusi. Tej inachemka mtungini, nimeifunika blanketi kama mtoto. Dada zangu wameshonesha nguo na kila mmoja anadai mwenzake amemwibia mshono. Dagnachew alikuja kupaka chokaa ukuta wangu, akajipaka yeye.

Sasa kuna jambo linanikosesha raha. Siku ya harusi Hirut lazima akulishe mbele ya watu wote, na mimi nikulishe. Nimewaza nipike chungu kidogo cha kuku wa manjano, asiye na pilipili, kwa ajili yako tu. Watu wakisema Wubalem ameishiwa berbere siku ya harusi ya binti yake, waseme.

Mkwe mwenzako


Debre Markos, tarehe 10 Tir

Mkwe wangu,

Umeshindaje? Mimi nimeshinda vizuri, na hilo neno sijaliandika kwa kweli muda mrefu. Juzi nilikula mkate wa asali nikasikia asali. Nikamwita kaka yangu, nikamwambia, "Nimesikia asali!" Akasema, "Ilikuwa inasema nini?" Mzee hana maana.

Kuhusu kuku wa manjano, hapana. Watu wana macho. Watauliza kwa nini mama wa bwana harusi analishwa chakula cha mtoto, na wifi yangu atakuwa na jibu tayari. Na wewe ndiye Wubalem wa berbere, usijiaibishe kwa ulimi wangu. Weka chekundu. Nimeshapona nusu, nusu iliyobaki nitaivumilia. Naomba usibishane nami.

Mkwe mwenzako


Bahir Dar, tarehe 22 Tir

Aselefech wangu,

Umeamkaje? Umeamka? Niambie umeamka. Tangu mpande basi kurudi kwenu sijapata neno lako, na simu umezima. Hirut na Dagnachew hawajambo, wananicheka, wanasema nimekuwa kama kuku aliyepoteza yai.

Harusi ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota, sikatai. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kasisi akaziba masikio. Wifi yako alikula kwa mkono wangu tonge kubwa kama ngumi na hakuzungumza mpaka magari yanaondoka. Lakini moyo wangu hautulii, na lazima nikwambie.

Ulinikataza manjano, nami sikubishana. Niliweka chekundu. Ila chekundu chako kilikuwa cha bitiruti! Nilisaga bitiruti na nyanya, nikakaanga na vitunguu mpaka vikalegea, nikaweka siagi, kikaiva chekundu hivyo hivyo kama damu ya jogoo, na pilipili haikupita hata karibu. Mimi! Watu wa Gondar wakijua wataniacha. Hirut alikulisha la kwanza humo, ukatafuna, ukaniangalia kwa jicho la mwalimu, nikajua umejua. Akakulisha la pili. Ukafungua kinywa. Dada zangu wote wakaona, wakapiga makofi, na mimi nikalia wazi wazi.

Kisha nikaja mimi na la tatu. Machozi machoni, vyungu viwili vimekaa pamoja, vifuniko sawa. Nilifunga tonge, nikaliingiza kinywani mwako, na lilipokuwa limeshapita midomo ndipo nikanusa vidole vyangu. Berbere, mkwe wangu. Ile yenyewe! Kutoka chini ya chungu.

Nilisimama pale nikingoja ugeuze uso. Hukugeuza. Macho yakakujaa maji, ukatafuna taratibu, ukameza, halafu mbele ya watu wote ukafungua kinywa tena ukasema, "La nne." Watu wakacheka kwa furaha, wakasema huyu ndiye mkwe. Nikakupa la nne, hata sijui nililitoa chungu gani. Najua ulifanya hivyo kuniokoa nisiaibike. Umejiunguza kwa ajili yangu, na sasa umelala huko unaungua, huandiki, hupokei simu.

Nisamehe. Niandikie neno moja, hata la kunikosoa herufi.

Mkwe mwenzako asiye na akili


Debre Markos, tarehe 25 Tir

Dada yangu Wubalem,

Umeshindaje? Wanangu wawili wameshindaje? Mgongo wako? Kuku wako na yai lake? Sisi wazima. Simu haikuzimwa, ng'ombe ameikanyaga. Nilikuwa nimeiweka juu ya uzio nikimfukuza, ikaanguka. Kaka yangu anasema sasa yuko upande wa ng'ombe.

Hukuniunguza, tulia. Nisome taratibu, kwa sababu kuna kitu nimekisubiri miaka miwili na nimekipata mkononi mwako.

La kwanza na la pili nilijua ni bitiruti kabla hayajafika kooni. Yalikuwa matamu, nikala nikacheka moyoni. La tatu lilipoingia, niliungua. Ee, niliungua! Nikasema basi, yamenikuta. Nikakaza meno yale niliyobakiwa nayo, nikangoja ule moto wangu ninaoujua, ule unaokuja bila kuitwa na kulala nawe kitanda kimoja. Haukuja. Ule wako ulikuwa moto mwingine kabisa. Ulikuwa na vitunguu ndani yake. Ulikuwa na siagi, na iliki, na tangawizi kwa mbali, na jogoo. Ulipanda mpaka puani, ukanitoa machozi, halafu nikiwa bado nautafuna, dada yangu, ukaanza kushuka. Walipoleta kahawa ulikuwa umeshaondoka. Pilipili! Ilikuwa pilipili tu, kama mtu yeyote anavyokula pilipili!

Nilikuwa nimesahau kwamba kuna moto unaokwenda zake.

Sikwambii nimepona. Jana jioni ncha ya ulimi iliniwasha kidogo, nikasukutua telba, nikaweka kidonge, nikasoma alfabeti yangu, ikanyamaza. Daktari alisema tutaishi hivyo, siku nzuri na siku mbaya, na nisijifanye shujaa wa pilipili kila siku. Nimemwelewa. Tiruwork naye sasa anajua, nimemwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akaniangalia, akakaa chini, akasema mama yake alikuwa hivyo hivyo mpaka alipokufa na walimwita mwongo. Nimempa jina la Frehiwot kwa ajili ya dada yake. Kidonge changu alitaka kukionja, nikamnyima.

Lakini hili la kusema nilifungua kinywa mara ya nne kwa heshima yako, ili usiaibike, hili silikubali. Wewe umenijua tangu Hidar. Lini umeniona na heshima ya namna hiyo? Nilikuwa na njaa! Miaka miwili nilikuwa nameza chakula bila kukila, na pale kuku wako alikuwa na ladha. Ningekuomba la tano, ila Dagnachew alikuwa ananiangalia kwa macho ya kutaka na yeye alishwe, na ndiye mwenye harusi.

Tonge moja huleta ugomvi, la pili suluhu, la tatu upendo. La nne wahenga hawakulisemea. Nadhani hawakuwahi kufika huko.

Umeandika "mkwe mwenzako" kwa makosa ya herufi katika barua zako zote. Safari ijayo acha neno hilo, andika "dada," ni fupi na huwezi kulikosea. Na mkabidhi kondakta wa basi la asubuhi robo kilo ya berbere. Ile ya chini ya gunia. Nitaila kidogo kidogo, asubuhi, siku nzuri.

Dada yako,
Aselefech